Dhambi Niliyoitoa Kitabuni

Haya niliyaona kwa macho yangu na kuyanusa kwa pua yangu, na pua ya mtu aliyeuza nyama maisha yake yote haidanganyiki. Kama wewe ni mtu wa kuchekelea mambo, cheka sasa umalize, halafu usome. Mimi sikuenda shule. Duka la nyama pale Karatina, shamba, nyumba ya mabati, vyote nilivitoa kwa mikono hii, sikupewa na mtu. Sina haja ya kumdanganya yeyote. Nilidanganya mara moja tu, na ndiyo sababu naandika.

Watu hupenda kusema ati mambo haya hutokea usiku, mbwa wakilia. Upuzi. Yangu yalitokea saa tisa mchana, Jumatatu, mwezi wa saba, wakati ule wa baridi ambapo ukungu unashuka kutoka mlimani na jua halionekani wiki nzima.

Lakini lazima nianze na vitabu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimeingia ngumbaro, lile darasa la watu wazima, nikajifunza kusoma nikiwa na ndevu. Mke wangu Nyawira alikuwa amefika darasa la saba, na alikuwa akinunua riwaya ndogo ndogo za Kikristo kwa mzee mmoja aliyezitandaza juu ya gunia kando ya soko. Unazijua hizo? Jalada lina msalaba juu, na chini yake kuna mtu anakimbia. Ndani, mtu anafanya dhambi mbaya kabisa, halafu dhambi inaanza kumfuata nyumba hadi nyumba, na mpaka ukurasa wa mwisho hujui atashikwa na nani, na shetani au na Yesu. Nilizipenda, sitaficha. Nilizisoma hapo kaunta wateja wakiwa wachache, kidole chini ya neno, moyo unadunda kama wa mwizi. Kuna siku nzi walikaa juu ya paja la ng'ombe mpaka mteja akanipigia kelele.

Wakati huo nilikuwa nimeokoka. Na kwetu haitoshi kusema umeokoka. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakaa kwenye ushirika, na kila mtu anasimama kutoa ushuhuda: alikuwa nani, alifanya nini, Bwana alimtoa wapi. Mmoja aliiba ng'ombe wa mjane. Mwingine alikuwa askari wa kambi wakati wa Emajensi, Wazungu walipotufungia makambini, akapiga watu mpaka wakakojoa damu. Wakisema hivyo, watu wanalia, wanaimba, wanawakumbatia. Na mimi je? Mimi nilikuwa nimekunywa pombe na kuchezea mizani kidogo. Nikisimama, watu wanapiga miayo. "Asante ndugu, keti." Nani mle ndani alikuwa na duka kama langu? Na bado walinisikiliza kama mtoto anayekariri aya.

Basi Jumapili moja nilisimama nikatoa dhambi ya kitabuni.

Katika kitabu hicho watu wawili wanavuka mto uliofurika. Mmoja anateleza. Mwenzake anamshika koti, koti linaanza kumvuka mabegani, na badala ya kushika mkono anaendelea kushika koti, kwa sababu ni koti zuri. Koti linabaki, mtu anaenda na maji. Kitabu kilikuwa cha nchi za mbali, hata mto wenyewe sikuweza kuutamka. Mimi nikasema ulikuwa mto wa Sagana, pale karibu na Kiganjo, mwaka wa mvua nyingi, nikiwa kijana natafuta kazi. Nikaongeza vile vidole vyake vilivyokuwa baridi. Nikaongeza vile alivyoniangalia. Nilisema mpaka nikalia, na hapo ndipo ninapojichukia hadi leo: yale machozi yalikuwa ya kweli.

Ushirika uliwaka moto. Wanawake walianguka chini. Ndugu Jotham, kiongozi wetu, alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Ndugu, leo umemtoa nyoka na mayai yake!" Mzee Kabui, mlevi aliyeshinda wachungaji watatu, alitoka nyuma akaokoka palepale kwa sababu yangu. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Kesho yake akaja.

Nilikuwa nimeinama naosha gogo la kukatia nyama. Kwanza ilikuja harufu. Sikiliza, mimi najua harufu za nyama. Najua nyama ya jana, ya juzi, na ile ambayo mtu mjinga ataiosha kwa siki. Hii haikuwa hizo. Hii ilikuwa ya matumbo yaliyosahaulika ndani ya karai lenye maji, siku tatu, yamefunikwa. Niliinua kichwa. Alikuwa amesimama ng'ambo ya kaunta, mtu mzima, shati tu bila koti katika baridi ile. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mikono ya shati lake, na yalikuwa hayaishi.

"Bwana asifiwe, ndugu," akasema.

"Asifiwe. Nikukatie ngapi?"

"Sikuja kwa nyama. Nimekuja kwa ile maneno ya jana."

"Maneno gani?"

"Ati ulinitoa koti nikiwa ndani ya maji."

Nilifikiri ni mchezo wa watu wa soko. Nikamwambia, "Mzee, rudi ulikotoka, la sivyo nitakutolea kisu." Akacheka. Alipocheka mchanga ulimtoka mdomoni, mchanga wa mto, pamoja na ute, ukaanguka juu ya gogo langu nililokuwa nimetoka kuosha. Halafu akaweka mkono wake hapo hapo. Umewahi kuona matumbo yaliyochomwa maji moto yakaparwa? Meupe, yenye mikunjo? Ndivyo vidole vyake vilivyokuwa. Shingoni alikuwa na ruba wawili wamenona.

Niamini, sikuogopa. Hilo ndilo watu hawaelewi nikiwaambia. Nilichukizwa.

"Hiyo ni hadithi tu," nikasema. Nikatoa kitabu chini ya mizani nikakifungua mbele yake, nikaweka kidole pale pale. "Tazama. Iko hapa. Wewe ni mtu wa kitabu. Sikuua mtu."

Aliinama akaangalia, maji yakadondokea ukurasa.

"Huku ndani nilikuwa nimelala," akasema, pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Karatasi haina baridi. Wewe ndiye ulinitoa ukanitia mto ya kweli. Unajua Sagana vile iko baridi?"

Nikafunga kitabu.

Koti langu lilikuwa limening'inia kwenye msumari, koti zito jeusi, la kwanza nililowahi kununua likiwa jipya. Alinyoosha mkono akalichukua bila kuuliza, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka juu. Nikasema moyoni, wacha aende nalo. Lakini hakwenda.

"Bado jina," akasema.

"Jina gani tena?"

"Yangu. Uliniua mbele ya watu wote na hukusema naitwa nani. Siku ile ya mwisho nitaitwa aje, nitoke majini?" Akajisogeza karibu. Aliinua mkono kutoka kwenye gogo, na ngozi ya kiganja ikabaki pale, imekwama kwenye mbao, nzima, na mistari yake. "Jina. Mimi ni nani? Jina!"

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Sisi tuliokuwa vijana wakati wa Emajensi tulifundishwa na bunduki. Kwenye kila kizuizi, kwenye kila kambi, askari anapiga kelele, "Jina! Wa nani?" na ukichelewa unapigwa kitako cha bunduki. Jina la baba yako lilikuwa linakaa kwenye ncha ya ulimi likingoja. Na mimi nilikuwa naangalia ile ngozi kwenye gogo langu, nataka tu aondoke.

"Nderitu!" nikapiga kelele. "Wewe ni Nderitu! Sasa toka!"

Alitulia. Maji yakaacha kudondoka. Akalisema polepole kama mtu anayeonja mchuzi, "Nderitu." Halafu akanitazama kwa upole mwingi, upole wa kunitia kinyaa kuliko hata ile ngozi.

"Asante, mwanangu," akasema. Akatoka, akaingia ndani ya ukungu.

Nyawira aliingia kutoka nyuma, mimba ya miezi minane mbele yake. "Nani amemwaga matumbo hapa?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshika ukuta anatapika. Sakafu ilikuwa maji tupu. Robo ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi hiyo ilikuwa na rangi ya majani. Nilipoitupa nyuma, mbwa wa soko walikuja, wakainusa, wakaondoka. Gogo nililichoma.

Nilimweleza mke wangu yote. Akashika tumbo lake. "Na huyu akiwa mvulana?"

Kwa asiyejua desturi yetu: mtoto wa kwanza wa kiume ni baba ya baba yake. Hatusemi anafanana naye. Tunasema ni yeye, amerudi. Tulikuwa na wasichana wawili. Baba yangu Nderitu alikufia kambini, hatukuonyeshwa kaburi, na mimi ni mwana wake wa pekee. Mama yangu alikuwa amengoja miaka hiyo yote mume wake arudi kupitia nyumba yangu. Na jina lake nilikuwa nimemvisha mzoga.

Jumapili nilienda ushirika mapema. Nilifikiri, kama maneno yalimtoa, maneno yatamrudisha. Nikasimama nikasema wazi, "Ndugu, nilidanganya. Sikuua mtu. Niliisoma kwenye kitabu, hiki hapa."

Kisha Ndugu Jotham akasimama, uso wote huruma. "Mnaona?" akawaambia. "Mnaona vile shetani anataka kumnyang'anya ndugu yetu ushuhuda?"

"Si shetani! Ni mimi nawaambia!"

"Ndugu, hata sauti si yako."

Mzee Kabui akaanza kulia. "Kama yeye alidanganya, mimi niliokoka na nini?" Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, mikono kumi na zaidi, wakakemea pepo mpaka wakanyesha jasho juu yangu. Nilipiga kelele kwamba ni uongo, nao wakaongeza sauti ya wimbo. Mpaka leo katika kanisa lile mimi ni yule aliyeua mtu Sagana, Bwana akamsamehe.

Mtoto alikuja wiki mbili baadaye. Mvulana.

Mama yangu alifika na kibuyu cha uji, amevaa nguo yake ya Krismasi. Aliingia akicheka, mama ambaye sikukumbuka alicheka lini. "Mzee amefika?" akauliza. "Nderitu amefika?"

"Maitu," nikamwambia, "keti kwanza. Huyu ataitwa jina la baba ya Nyawira."

"Unasema nini? Baba ya Nyawira ni wa pili. Wa kwanza ni wa kwetu."

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka na kudanganya. Nikamwambia yote, kitabu, ushirika, yule mtu, ngozi kwenye gogo, na jina lililonitoka. Nilitaka aseme nina wazimu. Nilimwomba Mungu aseme nina wazimu.

Mama yangu hakuokoka, wala hakujua herufi hata moja, na katika watu wote yeye na mke wangu ndio walioniamini. Alinitazama, si machoni, mdomoni. Alitazama mdomo wangu kama mtu anayetazama ndani ya choo.

"Ulimpa maiti ya maji jina la bwana yangu," akasema.

"Maitu, nilishtuka."

"Yeye alipigwa akafa na hakutaja jina la mtu. Wewe umeulizwa tu."

Akachukua kibuyu chake, hakumshika mtoto, akaenda. Aliishi miaka sita baada ya hapo, nyumba yake hatua hamsini kutoka kwangu. Hakuwahi kula chakula kilichopita mkononi mwangu. Nikimpelekea nyama safi kabisa, ini, ile anayopenda, nilikuwa naikuta imewekwa juu ya ua asubuhi, imerudishwa.

Utasema labda niliota, labda yule mtu hakuwepo. Basi ngoja. Miaka mingi baadaye nilienda Chaka, sokoni, kununua mbuzi. Mchana, watu wengi, vumbi. Mtu mmoja nyuma yangu akaita, "Nderitu!" Na kwa kuwa kwetu mwanamume huitwa kwa jina la baba yake, nikageuka. Mbele kidogo, kati ya mbuzi, mtu mwingine naye akageuka, amevaa koti langu jeusi, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu. Chini yake udongo ulikuwa umelowa. Hakuwa amezeeka. Aliniinulia mkono, vile mzazi anavyomwinulia mtoto wake aliyemwona kwa mbali. Nilitapika hapo hapo mbele ya wauza mbuzi, mimi mtu mzima mwenye mvi, na hadi leo watu wa Chaka husema nilikuwa mlevi.

Vitabu hivyo bado vinauzwa, majalada yana rangi nzuri zaidi sasa. Soma ukitaka, mimi sikukatazi. Lakini dhambi uliyoikuta ndani iache humo ndani. Ukisimama mbele ya watu, sema yako, hata kama ni ndogo ya kutia aibu. Mimi niko na wana watano, wakubwa, wenye afya. Wanaume wenzangu kila mmoja humshika mwanawe wa kwanza begani, akamwita, "Baba." Mimi sina hata mmoja wa kumwita hivyo.