Vaa Kwanza, Ndipo Uwashe

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, mvua ikiwa imeanza kupiga mabati, Mama alipokataa kunipa ufunguo wa pikipiki. Alikuwa ameufunga kwenye pindo la leso yake, na pindo lile ameliviringisha mkononi kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nasi tulipanga chumba Obunga. Zahanati ya parokia ilikuwa imenipa pikipiki na kazi ya kupeleka chanjo kwenye vituo vidogo vya ukingo wa ziwa, kuanzia Kisumu mpaka upande wa Kendu Bay. Nilikuwa kijana mwenye haya, elimu yangu ya msingi tu, na kalamu ilikuwa nzito mkononi kuliko jembe. Kazi ile ndiyo ilikuwa bahati yangu.

"Nipe ufunguo, Mama. Barafu ya chanjo inayeyuka."

"Iyeyuke. Kwanza niambie umevaa nini."

Nilijitazama. Shati, suruali, na akala za tairi miguuni. Nilijua Mama anamfikiria nani.

Alikuwa anamfikiria Mjomba Owuor, ndugu yake. Mjomba alikuwa na helmeti nzuri kuliko zote pale Kondele, na aliivaa kwenye kiwiko. Usicheke, wengi walifanya hivyo. Helmeti ilining'inia mkononi. Ukiona polisi mbele unaitupia kichwani, ukishampita unairudisha kwenye kiwiko. Jioni aliyogongana na ng'ombe karibu na Nyamasaria hapakuwa na polisi njiani. Helmeti ililetwa nyumbani nzima, haina hata mkwaruzo. Mjomba tulimzika.

Basi siku ile chanjo zilirudishwa kwenye friji ya zahanati, nasi tukaenda soko la Kibuye, kwenye mitumba. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi. Akainua helmeti nyekundu inayong'aa.

"Mama, chukua hii. Hata Nairobi hawana!"

Mama hakuitazama rangi. "Mimi nauza samaki pale ufuoni Dunga," akamwambia. "Mtu akinionyesha magamba tu, najua kuna kitu anaficha. Sasa fungua mashavu tuone."

Akaigeuza juu chini, akavuta kitambaa cha ndani. Ile sponji ngumu inayokaa kati ya kichwa na ganda ilikuwa imepasuka kutoka utosini hadi sikioni.

"Hiyo ni ufa kidogo tu, Mama. Gundi inamaliza."

"Na kichwa ya huyu mtoto ikipasuka, utapaka gundi pia?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, na muuzaji mwenyewe akacheka. Tukachagua nyeusi, inayofunika hadi mdomo, yenye sura mbaya, lakini ndani yake nzima na mkanda wake wa kidevuni imara. Mama alinivalisha palepale mbele ya watu, akanifunga mkanda, akaniambia nitikise kichwa kama fahali anayefukuza nzi. Haikucheza. Akaivuta kutoka nyuma kwa nguvu zake zote. Haikutoka.

"Huyu akitaka kubusu msichana itabidi apige hodi kwanza!" muuzaji akasema. Nilishukuru kwamba uso wangu ulikuwa umefichwa.

Hatukuishia hapo. Tulinunua koti la ngozi lililo nene viwikoni na mabegani. Siku hizo wengi walivaa koti kinyume, vifungo mgongoni, ati upepo usiingie kifuani. Mama akauliza, "Ukianguka ukashindwa kupumua, nani atakufungua?" Nikavaa vifungo mbele, na asubuhi za baridi nikaweka gazeti chini ya shati. Tulitafuta glavu za ngozi kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, miwani ya kufunga macho yote, koti na suruali ya mvua, na gambuti. Hapo napo kuna jambo. Kwetu mtu akivaa gambuti huingiza suruali ndani yake, na kwa mkulima anayekanyaga matope ni sawa. Juu ya pikipiki mvua huteremka pajani na kumiminika ndani ya kiatu, ukafika Ahero umebeba visima viwili. Suruali ya mvua ikae nje ya gambuti, uifunge chini kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Tuliporudi, Mama alifungua pindo la leso.

"Siku utakayoendesha kichwa wazi," akasema, "hata kama ni kwenda dukani kununua chumvi, ufunguo huu nitaurudisha parokia mwenyewe. Nimezika ndugu. Sitazika na mtoto."

Nikaitikia. Mwanangu, kuitikia ni rahisi. Kutimiza ndiko kazi, tena kwa mtu mwenye haya. Pale Kondele vijana wa stendi walinijua. "Omera, ndugu yangu, umebeba nyungu! Ndani umepika nini leo?" Jua la Kisumu unalijua, jasho lilinitiririka mpaka kwenye glavu. Lakini nilikuja kuona kwamba kila msimu una ugomvi wake na mwendeshaji. Kiangazi kina vumbi na kokoto zinazorushwa na malori. Masika yana tope jeusi la uwanda wa Kano linaloteleza kama bamia. Na kuna siku wadudu wadogo wa ziwani wanainuka juu ya maji kama moshi, ukipita katikati yao bila miwani unafumba macho huku pikipiki inakwenda. Kwa hiyo nilivaa mvua, nilivaa jua. Mshahara uliporuhusu nikanunua helmeti ya pili, ya abiria.

Ndipo akaja Mzee Odera. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mtu wa kuheshimiwa, na siku hiyo alikuwa anakwenda upande wa Ahero kwa wakwe wapya, kuzungumza mahari ya mwanawe. Nami nilikuwa napeleka chanjo njia hiyohiyo. Alikuwa amevaa suti, na kichwani kofia ya manyoya ya wazee. Nikampa helmeti ya pili.

"Kofia yangu haiwezi ingia kwa hiyo kitu," akasema.

"Tutaifunga kwenye nailoni, Jaduong'," nikasema, kama tunavyomwita mzee wa heshima, "uiweke kifuani ndani ya koti."

"Kifuani? Kwani mimi ni kuku analalia mayai?" Akapanda nyuma na kofia yake. "Na wewe toa hiyo sufuria kichwani. Watasema nimeletwa na fundi wa kuchomelea. Washa twende."

Sikuwasha.

"Kijana, ajali haina kinga. Washa."

Tangu kuzaliwa sikuwahi kumkatalia mzee jambo mbele ya watu, nao watu walikuwa wameanza kusimama. Nikashuka, nikachomoa ufunguo.

"Nisamehe, Jaduong'. Ukivaa, nitawasha."

"Unajua nani alikupa kazi hii?"

"Ni kamati."

"Na mwenyekiti wa kamati ni nani?"

"Ni wewe, Jaduong'."

"Haya basi!"

"Ukivaa, nitawasha."

Alishuka, akajipangusa suti, akaenda kutafuta matatu bila kuniaga.

Wiki iliyofuata niliitwa mbele ya kamati. Mzee Odera alisema pikipiki apewe mtu mwenye adabu. Padri akaniuliza nina neno gani. Nilikuwa nimekwisha kuamua njiani. Nikaweka ufunguo mezani.

"Mjomba wangu alikufa na helmeti nzima kwenye mkono," nikasema. "Mama akarudi nyumbani ameibeba. Kama ningemchukua Jaduong' kichwa wazi tukaanguka, ningewaambia nini watoto wake? Ufunguo ni huu. Mkimpa mwingine, mpeni na helmeti zote mbili."

Mzee Odera aliuchukua ufunguo, akaugeuzageuza. Kisha akausukuma mpaka upande wangu.

"Peleka chanjo," akasema. "Mimi nitapanda matatu."

Na kweli, hakupanda pikipiki yangu tena. Lakini mwaka mmoja mafuriko yalikata barabara ya Kano, magari hayapiti, na binti yake wa mwisho alikuwa anatakiwa kuripoti chuo cha uuguzi asubuhi ileile, la sivyo nafasi yake iende kwa mwingine. Nilijua njia ya juu, ya kando ya mashamba. Mzee alimleta mwenyewe. Msichana alikuwa amesukwa nywele jana yake, akaitazama helmeti na kulalamika. Baba yake aliichukua mkononi mwangu, akamvalisha, akamkaza mkanda mpaka msichana akasema basi.

"Nywele zinasukwa tena," akamwambia.

Tulifika chuoni na matope hadi magotini, na jina lake likaandikwa.

Mwanangu, wahenga walisema ajali haina kinga, nami sibishani nao. Lakini haohao walisema tahadhari kabla ya hatari. Hukumu ya njia hatuijui. Kilicho mikononi mwako ni kuvaa kabla hujawasha. Unaponunua helmeti angalia ndani kuliko nje, na ikishaanguka na kichwa cha mtu usiivae tena hata kama inang'aa. Usiogope kuonekana mshamba. Anayekucheka stendi hatakuja kukulisha kwa kijiko hospitalini.

Pikipiki nayo ilinde kama ulivyojilinda. Jirani yetu Obunga alifunga mnyororo kwenye gurudumu la mbele tu. Wezi wakafungua nati, wakaondoka na pikipiki, wakamwachia gurudumu lake limefungwa vizuri kwenye nguzo. Pitisha mnyororo kwenye chuma cha mwili wake, uushikamanishe na kitu kisichong'oka. Ukiilaza ndani ya nyumba, funga petroli, uache moto wa koroboi mbali nayo. Tena iegeshe unapoweza kuiona, maana mali bila daftari huisha bila habari, na pikipiki isiyo na jicho huisha upesi zaidi.

Haya nimekupa leo unapoanza kuendesha, kama nilivyopewa, na atakayekuomba ulegeze, hata awe mkubwa kwako, mjibu kwa heshima wala usilegeze. Mungu akufungulie njia wakati wa matope na wakati wa vumbi. Akupe macho ya kuona ng'ombe kabla ya ng'ombe kukuona. Kila jioni mama yako asikie mlio wako ukikaribia, na unapovua helmeti mlangoni, kichwa chako kiwe kizima, na moyo wako pia.