Kiraka Chenye Jina la Shemeji

Aliyeniharibia pikipiki ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, kule Ijumbi. Naanza na yeye makusudi, maana nikimkumbuka mpaka leo nafsi hainyamazi. Siku zile za ujamaa alikuwa balozi wa nyumba kumi, na watu walimwogopa kidogo.

Pikipiki ilikuwa ya zamani, niliinunua kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Shemeji akaiazima kwenda mkutanoni Muleba. Aliirudisha imeoshwa, inang'aa. Hapo nilipaswa kushtuka. Mtu asiyeosha hata miguu yake, akuoshee pikipiki?

Kesho yake nikaelekea Bukoba mjini. Kufika Nyanga nahisi suruali imelowa mguuni. Mafuta. Nikainama: kava la ubavuni mwa injini limepasuka, na ufa umezibwa kwa sabuni ya kufulia. Sabuni yenyewe wakati ule tulikuwa tunaipangia foleni. Ningeenda mbele kidogo tu injini ingekauka, ningeizika.

Niliisukuma mpaka Bilele, pale mjini, kwa fundi.

"Kava jipya hupati," akasema. "Labda umfuate padri wako Ulaya. Niletee kipande cha sufuria nikupigie kiraka."

Nikapanda basi kurudi Ijumbi. Shemeji hakuwepo. Nikamweleza dada, naye akashika kiuno.

"Kumbe ndiyo sababu goti lake limevimba? Mimi aliniambia kaumia shamba la kijiji. Watu wote wanamsifu."

Sikutaka anilipe. Nilitaka aseme mbele ya watu alichofanya.

"Nipe sufuria yake," nikasema.

"Ipi, kaka?"

"Ile kubwa."

Dada akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa ile ya kupikia ebitoke, ndizi zetu za harusi na matanga, kila mtu aliiazima, na ubavuni shemeji alikuwa amechora jina lake kwa msumari ili isipotee.

Nikaipeleka Bilele. Fundi akamwaga mafuta yaliyobaki, akafungua kava, akalisafisha kwa petroli. Akatoboa kitundu kila ncha ya ufa usiendelee kupasuka, akakata boksi gumu la kuweka kati ya kava na kiraka, mafuta yasipenye.

"Kiraka nitakiweka kwa ndani," akasema, "kisionekane."

"Kiweke nje, bwana. Na jina lisomeke."

 Akakikaza kwa bolti ndogondogo. Halikuvuja hata tone.

Jumapili nikaiegesha mlangoni mwa kanisa la Ijumbi. Misa ilipokwisha watu wakaizunguka. Mimi niliishia darasa la tatu, na wengi wao hata hapo hawakufika, lakini jina lile walilisoma vizuri.

"Balozi, siku hizi unatengeneza pikipiki?" mmoja akauliza.

"Huyu ni mwizi," shemeji akasema. "Kaiba sufuria yangu."

"Nilimpa mimi," dada akasema. "Waeleze habari za goti, baba."

Wote wakatazama goti. Shemeji akatazama chini.

"Niliangukia jiwe," akasema.

"Ukiwa na nini?" nikamuuliza.

Akalipapasa goti. Sikumsaidia.

"Na pikipiki yako," akasema, taratibu.

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Naapa sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Baadaye paroko aliniita akaniambia nimsamehe, na lile jina nilikwangue. Nikamjibu kusamehe nitajaribu, baba, ila kukwangua hapana. Alumini ni nyembamba, mafuta yatavuja.