Mama Skonzi: Niliogopa sukari, nikazima tanuri

Mikono imezama kwenye unga hadi viwikoni. Nje giza la alfajiri linaanza kupauka, na ndani ya chumba hiki chenye mlango mmoja na dirisha moja, mwanamke mwembamba aliyejifunga aproni anakanda donge, analikunja, analipiga juu ya meza, kisha analigeuza na kuanza upya. Jasho likimfikia kwenye nyusi analifuta kwa bega, maana mikono haina nafasi.

Tanuri limeshashika moto. Skonzi za kwanza zimeumuka vizuri chini ya kitambaa cheupe, zikisubiri zamu yao.

Nyuma ya pazia linalotenga duka na nyumba, sauti ya mtoto inapaa.

"Mama! Saba nukta mbili!"

"Safi! Nawa mikono, nakuja," anajibu bila kugeuka, lakini uso umemchanuka.

Mtaani wanamwita Mama Skonzi. Mtoto huyo ni binti yake wa miaka tisa, ambaye ukoo mzima unamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Namba aliyoitangaza ni kiwango cha sukari kwenye damu yake. Chiriku ana kisukari cha aina ya kwanza, ule ugonjwa ambapo mwili huacha kutengeneza insulini na mgonjwa akalazimika kuishi kwa sindano kila siku.

"Nikisikia namba nzuri asubuhi, hata unga unakandika," anasema Mama Skonzi, akilipapasa donge kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Duka hili halijatimiza mwaka. Kabla yake, aliosha trei katika kiwanda cha kuoka mikate. Hakuna aliyemfundisha kazi. Alijifunza kwa macho, huku mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni: hamira inawekwa lini, unga unaachwa upumzike kiasi gani, moto unapunguzwa wakati gani. Siku za mapumziko alijaribu nyumbani, na mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, ndiye aliyekula majaribio hayo yote bila kulalamika.

Mumewe huyo ndiye aliyerudi safarini siku moja na tanuri kuukuu lisilo na mlango. Akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, mlango ukapatikana, na kazi ikaanza.

Aliyeipinga ni mama mkwe, ambaye anaishi nao na ambaye kila mtu humwita Bibi.

"Nilimwambia, mwanangu, mtu ana mkate wake aliouzoea tangu utotoni. Akuachie wewe tumbo lake kwa sababu gani?" anasimulia Bibi, ambaye sasa ameketi nyuma ya kaunta akipanga mifuko ya karatasi, bila dalili yoyote ya aibu.

Wiki ya kwanza ya kuuza mikate, keki na skonzi ilipita vizuri. Skonzi za maziwa ndizo zilizompa jina: mteja aliyezinunua asubuhi alirudi jioni na mwenzake. Mama Skonzi alikuwa anapaa kwa furaha, na katika furaha hiyo hakushangaa sana kuona Chiriku anakunywa maji kupita kiasi na kwenda msalani kila mara. Joto la tanuri, alifikiri. Mtoto alipoanza kukonda, alidhani ni shule. Kilichomshtua ni kitu kingine kabisa.

"Chiriku alinyamaza," anasema. "Mtoto yule anaongea hata usingizini. Asubuhi ile alikaa kitini, nikamuuliza jambo, akaniangalia tu. Kisha akatapika, akaanza kuhema kama mtu aliyetoka mbioni."

Alimbeba mgongoni akatoka mbio, mikono bado ina unga, mlango wa duka wazi. Hospitali walimpima mtoto damu ya kidole, wakatazamana, na dakika hiyo hiyo akawekewa dripu. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mambo yangekuwa mengine.

Huku nyuma, Bibi alirudi kutoka kwa jirani akakuta nyumba tupu na beseni zima la unga uliokuwa umeachwa uumuke.

"Ulikuwa umepanda, umevuka beseni, unateremka mezani kama unaotafuta mlango," anasema. "Nikauuliza, wewe nawe unakwenda wapi? Hapo majirani wananiambia mjukuu wangu kapelekwa hospitali. Sasa nifanye nini? Kulia ningelia, lakini unga ule ulikuwa jasho la mke wa mwanangu. Nikautia motoni."

Hakuwa ameoka mkate maisha yake yote. Mikate ilitoka nje imeungua, ndani mbichi, mingine imelala upande kama imechoka. Bibi akaipanga kwenye kaunta hivyo hivyo na kutangaza kwamba duka liko wazi.

"Nilinunua kwa huruma, nikautafuna kwa ujasiri," anakumbuka fundi viatu anayefanya kazi ng'ambo ya barabara. "Kesho yake nikarudi tena. Ungefanyaje, na mama wa watu yuko wodini?"

Ndivyo mtaa ulivyofanya kwa siku zote ambazo Chiriku alikuwa kitandani. Na mikate ya Bibi, kwa ushahidi wa fundi huyo huyo, ilianza kulika kufikia mwisho wa juma.

Wodini, Mama Skonzi alikuwa na swali moja lililomkaa rohoni. Alilimeza siku mbili, ya tatu akamvuta pembeni muuguzi wa zamu. Je, ni keki zake?

Muuguzi alimshika mabega. "Dada, nisikilize. Ugonjwa huu haukuletwa na keki. Mwili wa mtoto wenyewe ndio ulioharibu sehemu inayotengeneza insulini. Hata ungekuwa unauza misumari, angeumwa."

Akamfundisha kupima, kudunga, kulinganisha chakula na dawa. Akamwonya pia kwamba sukari inaweza kushuka ghafla, na ikishuka ni hatari ya papo hapo, kwa hiyo sukari kidogo isikose karibu na mtoto.

"Nilimsikia kwa masikio," anasema Mama Skonzi. "Moyo ulikuwa umeziba."

Waliporudi nyumbani, mteja mmoja alikuja kutoa pole, na akiwa anatoka mlangoni akamwambia mwenzake, kwa sauti isiyo ndogo, kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumlea mtoto kwa keki. Siku hiyo hiyo Mama Skonzi alizima tanuri. Mfuko wa sukari akampa jirani. Akapekua kabati la jikoni, akaondoa hata kopo la sukari ya chai.

"Nilijiambia, ile kidogo aliyosema muuguzi nitainunua kesho. Kesho haikufika kwa sababu sikutaka ifike."

Mumewe alipiga simu kutoka njiani, akamsihi asifunge duka. Bibi naye alimsema. Hakusikia la mtu. Duka likakaa kimya, trei zikashika vumbi.

Kisha ikaja ile alasiri. Alikuwa amemdunga Chiriku sindano kabla ya chakula cha mchana, lakini mtoto akala vijiko viwili akasukuma sahani, na mama hakutaka kumlazimisha. Baada ya muda, Chiriku akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka hadi nguo zikalowa. Akawa anaongea maneno yasiyoshikana.

Kipimo kilionyesha sukari imeporomoka.

"Nilikimbilia kabatini, nikakumbuka nilichokifanya," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Nyumba ya mwoka keki, haina hata chembe ya sukari. Nilipiga kelele nikidhani namwita jirani. Kumbe nilikuwa namwita mama, huyu Bibi."

Bibi alitokea mlangoni, akaona, akarudi chumbani kwake. Aliporudi alikuwa na kopo lililoviringishwa ndani ya kanga. Akakoroga vijiko kadhaa kwenye maji, akamkalisha mtoto na kumnywesha polepole, funda baada ya funda.

Walikaa sakafuni wote watatu, wakisubiri. Mtetemo ukapungua. Macho ya Chiriku yakarudi kuwa macho yake. Akamtazama bibi yake, akaitazama ile kanga.

"Bibi," akasema, "kumbe ulikuwa unaficha sukari?"

"Chai yangu ina kosa gani?" akajibu Bibi, kisha akaangua kilio.

Jioni hiyo, mtoto alipopata nguvu, alimuuliza mama yake swali lingine. Wenzake shuleni walikuwa wakisema duka limefungwa kwa sababu yake. Ni kweli?

"Nilitaka kusema hapana. Nikashindwa kumdanganya," anasema Mama Skonzi. "Mtoto anaumwa, na juu yake namtwisha duka zima. Asubuhi yake nikawasha moto."

Leo huoka mikate na skonzi zaidi ya mia kila siku, na Bibi hashiki tena unga mpaka asihi aruhusiwe. Chiriku huila skonzi yake, kwa kipimo chake na kwa sindano yake. Si kwamba mambo yamenyooka. Karibu nusu ya faida huishia kwenye vijiti vya kupimia sukari. Insulini inahifadhiwa kwenye friji ya muuza soda wa chumba cha pili, na umeme ukikatika Mama Skonzi hana raha. Kila saa sita mchana humwachia Bibi kaunta, akaenda shuleni kumpima mtoto na kumdunga.

Anachopania sasa ni kununua friji yake mwenyewe, kisha tanuri la pili. Lakini ndoto iliyo karibu zaidi ni ya Chiriku: anataka kujihudumia mwenyewe, na muuguzi amesema aanze kujifunza.

Mama Skonzi ananawa mikono, anapita nyuma ya pazia. Chiriku ameshavaa sare. Mama anavuta dawa, anaikagua kwenye mwanga wa dirisha, anaikagua tena, kisha kwa shingo upande anamkabidhi binti yake sindano. Bibi anageukia ukutani.

Chiriku anabana ngozi ya tumbo. Anavuta pumzi. Midomo yake imefungwa kabisa.

"Tayari. Bibi, geuka, imekwisha."

Anashusha shati lake, anamtazama mama yake. "Basi kesho usije shuleni."

"Kesho nakuja."

"Na keshokutwa?"

Dukani, mteja wa kwanza anabisha hodi.

"Keshokutwa utajidunga mwenyewe mbele ya mwalimu. Mimi nitasimama getini tu."

Chiriku anachukua mkoba wake wa shule.

"Sawa," anasema. "Lakini usije na aproni."