Kola ya Honório

Wendell Tripp aliingia jikoni mwa kanisa akiwa bado na suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani, na maji ya bahari yakamchuruzika hadi kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile ile. Idalina Furtado alikuwa jikoni akikoroga wali wa maziwa kwa ajili ya chakula cha jioni cha parokia. Alifungua kinywa amfokee. Kisha akaona kwamba Wendell, mvuvi mwenza wa mdogo wake, ambaye si Mkatoliki na hajawahi kukanyaga pale, amevua kofia.

"Yuko wapi?" akauliza Idalina.

"Dada Ida, kaa kwanza."

"Sikai. Yuko wapi mdogo wangu?"

"Wamempeleka hospitali. Lakini alikuwa ameshatuacha kabla gari halijafika. Mimi ndiye niliyemtoa majini."

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi waliweka visu chini. Mmoja akazima jiko. Idalina aliendelea kukoroga moto ukiwa umeshazimwa, kisha akauliza jambo ambalo wenzake hawakulielewa.

"Koti lilikuwa limejaa maji?"

Wendell aliigeuza kofia mikononi. "Lilikuwa na maji, ndiyo. Lakini dada, mtu akianguka pale kwenye miamba..."

Idalina hakumsikia tena. Alikuwa akiitazama sufuria. Ilikuwa yake, ndefu na nyembamba, ya kuchemshia maziwa, na ilikuwa imeletwa kutoka nyumbani siku mbili kabla.

Honório Furtado alikuwa na miaka sitini na mmoja. Familia yao ya Kireno ilitoka kisiwa cha São Miguel yeye akiwa na miaka minne, Idalina kumi, na wakakulia ng'ambo ya bahari, East Providence, katika mtaa ambao mpaka leo mikate mitamu huokwa Jumamosi na mizabibu hupandwa nyuma ya nyumba. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunzaji wa shule ya msingi. Alijua ufunguo wa kila mlango, aliondoa theluji kabla walimu hawajaamka, na mtambo wa kupashia jengo joto aliusemesha kama mtu anavyosemesha nyumbu mkaidi. Hakuwa na makuu. Watu walimjua kwa jambo moja tu: hakuweza kuvumilia kitu chochote kikimgusa shingoni.

Mama yao alisema alizaliwa akiwa amezongwa shingoni na kitovu, rangi ya bluu, na mkunga alimpigapiga mpaka akalia. Hiyo ndiyo sababu, alisema mama, na hakuna aliyembishia. Alipokuwa mtumishi wa altare aliing'oa kola yake yenye wanga katikati ya Misa na kuiweka chini ya kiti cha padri. Siku ya arusi ya Idalina alivaa tai mpaka mlango wa kanisa, na katika picha zote tai hiyo imechungulia kutoka mfukoni. Mkuu wa shule alipotaka wafanyakazi wote wavae tai kwenye sherehe ya miaka hamsini, Honório alishuka kwenye mtambo wake na hakupanda mpaka wageni walipoondoka. Aliwahi kuchumbia, msichana mwema wa Fall River, na mambo yalipovunjika watu walitania kwamba hakumkimbia bibi arusi, alikimbia tai.

Idalina alipofiwa na mume wake, Evaristo, alihamia ghorofa ya juu ya nyumba ya Honório. Samaki wakiiva, mdogo wake aligonga dari kwa mpini wa ufagio, naye akashuka na mkate. Waliishi hivyo miaka kumi na minne.

Samaki hao walikuwa wa milia, wakubwa, ambao kila Oktoba hufuata vidagaa hadi ukingoni mwa pwani ya Narragansett. Mvuvi hasubiri ufukweni. Huingia, akasimama juu ya jiwe maji yakimfika kiunoni, akarusha ndoano kwenye povu, na kila wimbi likija humpanda kifuani na kutafuta njia ya kuingia shingoni. Koti la zamani la Honório lilikuwa limechoka mishono. Mwaka uliopita maji yalimlowesha hadi vidole vya miguu, akalazwa siku tisa kwa homa ya mapafu. Idalina alikaa kando ya kitanda na rozari yake, akaweka nadhiri: huyu hataingia tena majini bila koti la maana.

Ndiyo maana Jumanne ya wiki ile waliingia pamoja dukani kwa Iannotti, anayeuza zana za uvuvi. Iannotti alitandaza makoti mawili mezani, yote ya kuvaliwa kwa kuingiza kichwa.

"Hili la kijivu," alisema, "kola yake ni kitambaa kinene, laini. Unaifunga kwa ukanda wa kunata. Wimbi likikupiga usoni, matone yataingia, si mengi. Hili la bluu kola ni mpira mtupu. Inakamata ngozi. Hata tone haliingii."

Honório alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye la kijivu. "Limenitosha. Funga, twende."

"Ngoja," alisema Idalina. "Matone si mengi ndiyo yaliyokulaza siku tisa."

"Dada, mvaaji ni mimi."

"Na mpika supu ya kuku ukiumwa ni mimi."

Iannotti akacheka. "Honório, si uliniambia hujaoa?"

"Unafikiri kwa nini? Huyu mmoja ananitosha."

Alivaa la bluu. Masikio yaliiva, macho yakamtoka. "Hii si kola, hii ni kamba ya mnyongaji."

"Kila mtu husema hivyo siku ya kwanza," alisema Iannotti. "Sikilizeni. Msikimbilie kukata. Tafuteni sufuria iliyozidi shingo yake kidogo, muivishe kola, mwiache siku tatu kamili. Mpira utalegea wenyewe. Ikibana bado, mnaziona hizi pete zilizochorwa kuizunguka kola? Kila ukikata moja, tundu linapanuka. Kateni moja. Moja tu. Avae, akae nayo siku nzima. Mpira ukishakatwa haurudi."

Honório aliligusa lile la kijivu mara moja zaidi. Kisha akamwachia dada yake achague, kama alivyomwachia kuchagua mapazia, daktari, na rangi ya mlango. Walitoka na la bluu.

Jioni ile Idalina aliivisha kola kwenye sufuria yake ya maziwa, ambayo ndiyo iliyokuwa na kipimo sawasawa. Koti lilikaa juu ya meza ya Honório likining'iniza mikono, na kila alipopita alilipa heshima. "Bwana Sufuria, hujambo. Umeshiba?"

Lakini Jumamosi kulikuwa na chakula cha parokia, na wali wa maziwa ni kazi ya Idalina tangu zamani, na juu yake huchora misalaba ya mdalasini kwa vidole vyake mwenyewe. Alhamisi asubuhi mama mmoja alipita na gari kukusanya vyombo. Siku tatu zilikuwa hazijatimia, hata mbili. Idalina aliivua kola, akaiosha sufuria, akaitoa. Chini ya ngazi kulikuwa na kopo la rangi lenye upana ule ule. Alilipita kila siku. Hakulikumbuka mpaka baada ya mazishi.

Honório alilivaa tena. "Bado," alisema, vidole viko kooni.

Idalina akaleta mkasi wake wa kazi.

"Iannotti alisema tungoje."

"Iannotti anauza minyoo ya chambo. Mimi nimekata magauni ya maharusi miaka arobaini. Inama."

Akakata pete ya kwanza. Bado. Akakata ya pili. "Afadhali," alisema Honório, na pengine wangeishia hapo. Lakini mkono wake ulipanda shingoni bila yeye kujua, kama ulivyopanda tangu utoto, na Idalina alipouona moyo ulimlainika, akakata ya tatu. Honório akageuza kichwa kushoto, kulia, akavuta pumzi ndefu.

"Sasa hili ni koti," alisema, na akambusu dada yake utosini.

Zile pete tatu alizitia katika kopo la vifungo, maana Idalina hatupi kitu.

Yaliyotokea Jumamosi aliyapata kwa Wendell, vipande vipande, katika siku zilizofuata. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mawimbi yametoka kusini mashariki, samaki wamejaa. Honório alikuwa juu ya jiwe la mbele, mkanda ameufunga vizuri juu ya koti. Wimbi kubwa lilimwangusha. Aliinuka. La pili likamfunika, na alipoibuka hakusimama tena wima. Wendell alimfikia na kumvuta kwa mkanda. Daktari alisema moyo ulisimama kwa baridi na mshtuko. Idalina alimwuliza kama maji yaliyoingia ndani ya koti ndiyo yaliyomzamisha, au kama moyo ulitangulia. Daktari alisema hilo hakuweza kulijua.

Hospitali iliwarudishia koti katika mfuko wa plastiki. Idalina alipitisha ngumi yake kwenye kola. Ilipita bila kugusa ukingo.

"Dada," Wendell alimwambia, ameketi mezani ambapo sufuria ilikuwa imekaa, "jiwe lile nilimwonyesha mimi. Nikilala naliona."

"Koti lilichaguliwa na mimi. Yeye alitaka la kijivu. Lile angelifunga kwa ukanda. Hili nimelifanya lisifungike."

"Nimevua naye miaka ishirini. Kila mara mkono mmoja shingoni. Siku ile alitumia yote miwili. Tena alikuwa anaimba, vibaya sana."

"Unasema hivyo unifariji."

"Sijui kufariji mtu, dada. Hata mke wangu atakwambia."

Alikwenda kuungama kwa Padri Belmiro, akamsimulia yote, sufuria, mkasi, pete ya tatu.

"Ulikata kwa nia gani?" padri aliuliza.

"Apumue."

"Basi sioni dhambi hapo ya kukuondolea, Idalina."

"Mbona inauma kama dhambi?"

Padri akatoa rozari yake. "Tusali," alisema, na wakasali makumi yote matano, naye padri alikosea kuhesabu mara mbili kwa sababu alikuwa akilia, kwani Honório ndiye aliyekuwa akimletea samaki kila Ijumaa ya Kwaresima.

Siku ya kumtazama marehemu, mtu wa mazishi alikuwa amefanya kazi yake kwa ustadi. Honório alikuwa na shati jeupe, suti ya kijivu, na tai ya Evaristo iliyofungwa barabara hadi kooni. Jamaa walipita wakisema amependeza. Idalina alisimama pale kwa muda.

"Itoe hiyo tai," alimwambia mtu wa mazishi.

"Mama, wageni wameshafika."

"Basi nitaitoa mimi."

Alilifungua fundo la tai kwa vidole vyake vya ushonaji, akaikunja, akaitia katika mfuko wa juu wa koti la mdogo wake, ncha ikachungulia. Akafungua kifungo cha kwanza cha shati, kisha cha pili. Cha tatu alikishika, akakiacha. Binamu mmoja alinong'ona kwamba si heshima kumpeleka mtu mbele ya Mungu akiwa kifua wazi.

Walimzika Alhamisi saa tano asubuhi, kando ya baba na mama. Kulikuwa na upepo, lakini mvua haikunyesha. Padri Belmiro alinyunyiza maji ya baraka, wakaitikia raha ya milele. Watu wanne wa shuleni walikuja, na Iannotti, aliyekuwa amefunga duka. Wendell alivaa viatu vya ngozi vilivyokuwa vikimbana. Idalina alitupa udongo, akafanya ishara ya msalaba, akamshika Wendell mkono, wakateremka pamoja hadi kwenye gari.