Jiko Linalozimika Lenyewe

Jiko la mkaa liliondoka nyumbani kwangu Chamazi baada ya upindo wa kanga yangu kushika moto. Haukuwa moto wa kuitia majirani. Niliuzima kwa maji ya kuoshea mchele, nikaendelea kupika. Lakini binti yangu, ambaye naishi naye, aliporudi kazini jioni alinusa nguo iliyoungua, na wiki hiyohiyo akaleta jiko la umeme linaloongozwa na simu.

"Mama, hili halina moto kabisa. Unagusa simu, inakusomea, jiko linawaka."

Sioni tangu presha ya macho iniharibie mboni zote mbili, huu mwaka wa nne. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo sipendi kufundishwa, tena na mtoto niliyemshika mkono kuandika herufi a. Alipokuwa akiliunganisha, simu iliuliza maswali chungu nzima. Nikamwambia, "Wewe kubali kila kitu, usinichoshe." Akakubali kila kitu.

Niseme ukweli, nililipenda lile jiko. Simu ilisoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka jana uwanja wa ndege, lakini ilisoma: jiko limewashwa, moto wa kati, dakika arobaini. Nikaanza kupika chai, kisha uji, kisha ndizi za nyama. Ndipo nikapata kiburi.

Jumuiya yetu ya kanisa husali Jumamosi kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na mwenye nyumba hulisha watu. Tangu nipoteze macho, zamu yangu ilikuwa inarukwa. Hakuna aliyeniuliza. Walikuja tu kuniona, na sukari na sabuni, kama mtu aliyelazwa. Nilichoka kuletewa sabuni. Siku moja baada ya sala nikasimama nikasema Jumamosi ijayo ni kwangu, na nitapika mwenyewe, wali wa nazi na maharage. Mwenyekiti akasema sawa, mwalimu. Nilijua nikishindwa mara hiyo, sitapewa nyingine.

Jumanne nikaanza mazoezi. Maharage yalikuwa yanatokota vizuri, nikatoka uani kuanua nguo. Niliporudi, sufuria ilikuwa imenyamaza. Simu ikasema jiko limezimwa. Nilidhani umeme umekatika, lakini friji ilikuwa inanguruma. Nikawasha tena. Jumatano nilikuwa nakata kitunguu palepale mezani, nikasikia mlio mfupi, kisha kimya. Alhamisi likazimika mara mbili.

"Nani?" niliita.

Nilisimama na mwiko mkononi, mgongo ukutani, nikitafuta pumzi ya mtu. Mtu akiwa chumbani namjua hata asipotikisika. Nilisikia friji tu, na bado niliamini kabisa kwamba kuna anayenitazama. Binti sikumwambia. Angesema nimeanza kuchanganyikiwa, na Jumamosi yangu ingekufa.

Nilimwambia jirani wa ukuta wa pili, mama wa Kiislamu aliyezaliwa hapo jirani, Mbagala. Hakucheka.

"Mwalimu, humo ndani kwako mna mtu. Tena si wa kushikika huyo. Mie ningekuwa nishafukiza ubani zamani."

Nilimtania kwamba jini gani anapenda maharage mabichi. Lakini niliporudi ndani sikufunga mlango wa nyuma, ili nipate pa kukimbilia.

Jumamosi binti aliwahi kazini, akaahidi kurudi mchana. Saa tatu nikabandika maharage niliyoyaloweka tangu jana. Saa nne jiko likazimika. Nikawasha, likazimika. Nikawasha tena nikiwa nimesimama mbele yake, kiganja juu ya kifuniko, na likazimika chini ya mkono wangu. Ubani sikuwa nao, ila nilikuwa na chupa ya maji ya baraka. Nikafanya ishara ya msalaba, nikanyunyiza mlangoni, dirishani, kisha nikaielekeza chupa kwenye jiko lenyewe.

Simu ikaita. Alikuwa binti.

"Mama! Usimwagie jiko maji, umeme huo!"

Chupa ilikuwa bado mkononi. Nyumba nzima nilikuwa peke yangu.

"Umejuaje?"

"Kuna kamera, mama. Niliiweka siku ile ya jiko. Nikiona umetoka, au umeshika kisu, au umegusa sufuria, nazima kutoka huku. Nisingekaa kazini kwa amani."

Nikakumbuka siku za joto nilizopika na kanga moja tu kiunoni. Nikakumbuka navyomsimulia marehemu baba yake mambo yangu wakati naosha vyombo, na navyolia.

"Huko kazini unakaa na nani?"

"Mama, jamani."

"Iko wapi hiyo kamera?"

"Nikikwambia utaiziba."

Nilipapasa ukuta, makabati, nyuma ya makopo ya chumvi na majani ya chai. Niliangusha sahani. Yeye alikuwa ananiangalia nikipapasa, nikamsikia analia kwenye simu, na mimi sikuacha kupapasa. Mwishowe nikasema, "Basi niwashie. Watu wanakuja saa kumi."

"Nimeshaagiza chakula, mama. Wewe pumzika." Akakata.

Walikuja, wakasali, wakala pilau ya kuagiza. Walimsifu sana binti yangu kwa moyo wake wa kunilea. Maharage yangu yalikaa jikoni chini ya kifuniko, magumu. Mwenyekiti akafunga kwa kumshukuru Mungu, akasema kuanzia sasa zamu ya nyumba hii iandikwe kwa binti. Wote wakaitikia, na mimi nikaitikia.

Kamera sijaipata hadi leo. Kuchemsha chai tu navaa gauni la kitenge hadi shingoni. Na nikifika mlango wa jikoni, katika nyumba niliyoijenga kwa mshahara wangu, nasimama napiga hodi. Siku nyingine jiko linalia, simu inasema limewashwa, naingia. Siku nyingine nasubiri weee, hakuna anayeitikia, narudi sebuleni kukaa.