Walinzi wa Jumba la Sinema

Shangazi yangu huuza chai na vitumbua kwenye baraza la jumba la zamani la sinema, katikati ya mji wa Singida. Jumba lenyewe limefungwa tangu nikiwa mtoto. Siku moja alinipigia simu huku Mgori: kamati inakuja kulikagua, iamue libomolewe au likarabatiwe, na darini wamejaa nyuki. Wajumbe wakiumwa, jumba kwisha, na baraza lake pia. Mimi ni mrina asali. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, maana nimetamani kuingia mle ndani maisha yangu yote.

Asubuhi nilipanda Fuso la alizeti, nikaketi mbele na mzinga mtupu mapajani. Dereva akauliza kama huyo ni mtoto. Nikamwambia ndiyo, ila baba yake hajulikani. Tulicheka mpaka mjini.

Jioni nilimwamkia shangazi, tukasukuma mlango. Kufuli lilikuwa bovu miaka mingi. Ndani nilipiga vigelegele peke yangu: viti vyote vipo, jukwaa lipo, hata pazia! Nilikalia kiti kimoja, nikahamia kingine, nikamaliza safu nzima. Shangazi alienda moja kwa moja safu ya nyuma. Pale ndipo marehemu mumewe alipomshika mkono mara ya kwanza.

"Filamu yenyewe sikuiona," alisema.

Basi nikawasha moshi, nikawahamishia nyuki mzingani taratibu, na masega nikayaweka kwenye ndoo.

Kesho yake kamati ilifika. Mwenyekiti alizunguka, akashangaa. "Majengo matupu ya mtaa huu yameng'olewa hadi fremu. Hapa mlango haufungi, mbona hakijaibwa hata kiti?"

Shangazi alinitazama. Mimi niliutazama mzinga, nikashikwa na kicheko hadi machozi. Nilikuwa nimefunga safari kuja kumfukuza mlinzi!

Wajumbe waliondoka wakilamba asali vidoleni, wakisema watakaa tena waamue. Lini, hawakusema. Shangazi akaniambia, "Nyuki hawa hawaendi Mgori, mwanangu. Warudishe." Nikapanda darini na mzinga wangu, nikauacha huko. Tangu siku hiyo, kabla sijasafisha nyumba ya watu, nauliza kwanza nani anaishi humo.

Wakati wa kurudi nilipata Fuso lilelile. Dereva aliona mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha mjini," nikamjibu. "Amepata kazi."