Aliyeshindwa Ndiye Anayeanza

Barazani kwangu hapa Mfaranyaki kuna sheria moja ambayo watoto ninaowafundisha wanaichukia. Mchezo wa chesi ukiisha, hakuna kukunja ubao. Tunarudisha kete zote mahali pake, tunaucheza upya hatua kwa hatua, na aliyeshindwa ndiye anayeanza kusema alikosea wapi. Wengine wote kimya.

Nao hukimbilia mwisho. "Nilikosea hapa, malkia alipoliwa." Nawakatalia, maana sina subira na uvivu wa kufikiri. Malkia kuliwa ni matokeo tu. Rudi nyuma. Farasi wako wamelala nyumbani, mfalme wako yuko wazi, na wewe unakimbizana na kale kaaskari ka pembeni. Hapo ndipo ulipokufa, huko kwingine ulikuwa unazikwa. Maneno hayo nilikuwa nayasema kwa raha kabisa, Mungu anisamehe.

Mama alikuwa akisikia yote. Anaishi na mimi tangu baba afariki, na Jumamosi hukaa jikoni akichambua maharage, mlango wazi. Kete hata moja hakuijua jina. "Mnasutana kwa ajili ya vidude vya plastiki," alikuwa akitutania.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alijenga nyuma ya nyumba yetu, yeye na mkewe na watoto wao wawili. Wifi yangu ni wa Tunduru, Mwislamu, binti wa wakulima wa korosho. Ndugu zetu wengine hilo halikuwahi kuwashuka kooni. Mwaka juzi, nikiwa safarini na timu ya chesi ya shule, mdogo wangu alishikwa na tumbo. Niliporudi nilimkuta mochwari. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na alifikishwa hospitali akiwa ameshachelewa.

Asubuhi ya mazishi wifi alinivuta chumbani akanieleza. Jioni ile maumivu yalipoanza, aliita bodaboda. Pikipiki ikafika mpaka mlangoni, mgonjwa ameshavalishwa sweta. Mama akatoka, akamrudisha dereva. Alisema hilo ni chango, liko kwenye ukoo wetu, na hospitali watampasua bure. Akachemsha mizizi. Kesho yake akachemsha tena. Kisha mgonjwa akasema tumbo limepoa, mama akamshukuru Mungu, kumbe ndiyo lilikuwa limepasuka.

"Wifi, usiliseme hili," aliniambia. "Yule ni mama mkwe wangu. Nitamtazamaje?"

Siku ya kuanua tanga, baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao. Alianza kwa upole, akashukuru majirani na jumuiya, halafu akageuka. Mgonjwa ana mke. Huyo mke alikuwa wapi mpaka mtu anaoza tumbo ndani ya nyumba? Kisha akatamka lililokuwa limeshapikwa pembeni: mwanamke arudi kwao Tunduru, watoto wabaki kwetu. Wifi aliinamisha kichwa. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala mapajani mwake.

Nilipandwa na hasira. Nikasema, kabla hatujamfukuza mtoto wa watu, mimi dada wa marehemu nitaeleza ugonjwa tangu mwanzo. Nikaanza. Alirudi kazini jioni, hakugusa chakula. Akajikunja kitandani. Mkewe akaita bodaboda. Pikipiki ikafika mlangoni, mgonjwa ameshavaa sweta.

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, lakini nikamtazama mama aliyenizaa. Watu wote wakawa wananingoja.

Mama alikuwa mkekani, amenyoosha miguu. "Mbona umesimama njiani?" akaniuliza. "Si aliyeshindwa ndiye anayeanza?" Kisha akawaambia wote, kwa sauti yake ya kila siku: "Pikipiki niliirudisha mimi. Huyu binti alilia, nikamwambia anyamaze. Mkimfukuza yeye, mnifukuze na mimi."

Baba mdogo aliomba maji ya kunywa. Habari ya Tunduru haikutajwa tena, na wifi yupo hapo nyuma na wanawe mpaka leo.

Jema ni hilo tu. Mama amekonda, nguo zinamvuka. Kila asubuhi wifi anamletea uji, anamwamkia shikamoo, na mama huitikia marahaba akiangalia ukuta. Utani wake wa vidude sijausikia tena, na mimi nauhitaji kuliko nilivyodhani.

Jumamosi moja, nikiwa na mwanafunzi aliyekuwa ameshindwa, mama alitoka jikoni akaja kukaa karibu na ubao. Alitazama ninavyorudisha kete, hatua moja moja. Nikamwambia mtoto, ona, hapa ungemficha mfalme kwanza, mchezo ungekuwa wako. Watoto walipoondoka, alinishika mkono.

"Na sisi," akasema. "Ile pikipiki ningeiacha iende naye. Angepona?"

"Mama, maji yakishamwagika hayazoleki."

"Sijasema tuyazoe. Watoto wa wenzio huwafichi. Na mimi niambie."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, una vumbi la maharage.

"Angepona, mama," nikamwambia.

Alisema asante, akainuka taratibu, akarudi jikoni kumalizia kuchambua.